Kambi Nane hadi Kilambo

Daftari ni la kaka yangu, Erasmo Nampota,
kurasa arobaini, jalada limeliwa na mende.
Ndani mto umechorwa kwa kalamu ya risasi,
Ruvuma yote, kuanzia daraja la Mtambaswala,
imekunjwakunjwa ili itoshe.

Kila kambi ameitia msalaba,
na kando maneno machache, kama mtu anayelipia herufi:
*Ukingo mrefu. Kuni zipo.*
*Njia ya viboko, sogea hatua mia.*
*Mkuyu una tawi bovu, usitandike chini yake.*
Na kambi ya tano, msalaba umefutwa,
ukachorwa upya, ukafutwa tena:
*Hapa usilale.*
Basi. Hakusema kwa nini,
na sasa hayupo wa kuulizwa.

Tuliondoka Novemba, mimi na Dadi Nankwanga,
mchimba mchanga wa Nanyumbu, ulimi wembe,
unga wa muhogo debe moja, papa mkavu, vyandarua viwili
na mabishano ya siku tisa.
Kambi, alisema, huchaguliwa saa tisa alasiri,
tumbo likiwa bado na subira.
Anayengoja jua lizame, kambi ndiyo humchagua yeye.

Akanifunza kuusoma mchanga.
Mteremko laini, ulioburuzwa, ni mlango wa mamba:
usipige hodi.
Mfereji uliosuguliwa majanini ni barabara ya kiboko,
naye hatarudi kinyumenyume
eti kwa sababu umetandika mkeka.
Kinyesi cha tembo ukikivunja kikatoa mvuke,
kunja virago, hata kama ugali uko motoni.

Kila jioni alichomeka kijiti ukingoni,
akakikata alama pale maji yalipofika.
Usiku wa pili nikamcheka: mbingu imejaa nyota!
"Si lazima mvua itunyeshee sisi," akasema.
"Ikinyesha Songea inatosha."
Saa nane za usiku akaniamsha kwa mguu.
Alama haikuonekana.
Kijiti hakikuonekana.
Tukauvuta mtumbwi, tukahamisha sufuria, makafi, unga,
tukajikunyata juu ya ukingo kama kuku walionyeshewa,
nami sikucheka tena hadi Ijumaa.

Siku ya tano tulipafika saa tisa na robo.
Mungu wangu, palivyo pazuri!
Mchanga umeinuka, mkavu, hauna unyayo wa chochote,
kuni zimejilaza zenyewe,
upepo wa kutosha kufukuza mbu,
na ng'ambo, upande wa Msumbiji, moshi wa mtu anayepika.
Dadi alizunguka, akapekua vichaka, akainama, akanusa.
"Sioni kitu," akasema,
na kwa mara ya kwanza ule wembe haukuwamo.
Kiganja changu kilikuwa kimepasuka.
Nikafungua daftari tena, kama kwamba
maandishi huzaana yakiachwa gizani.
*Hapa usilale.*

Tukapiga kafi saa mbili nyingine,
tukalala pabaya: miiba, siafu,
mteremko uliotubingirisha hadi alfajiri.
Dadi hakulalamika hata neno.
Hilo ndilo lililonitisha.

Kilambo, siku ya tisa, watu wakisubiri kivuko,
nilikaa juu ya gunia la korosho la mtu nisiyemjua
nikatoa kalamu.
Kwenye kambi ya tano palibaki nafasi ya mstari mmoja.
Ningeweza kuandika: mchanga mzuri, mkavu.
Ningeweza kuandika: tumetafuta, hakuna kitu.
Nikaandika chini ya mwandiko wake, kwa herufi ndogo:
*Hatukulala.*

Dadi akasoma juu ya bega langu, akaiomba kalamu,
akachora pembeni kijiti kimoja,
chenye alama.